Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2023: F ni faranga ya wapi?

Wamama na wapapa wanachama,

Likelemba yetu, yaani mchango wa kila mwezi tunaopokezana kwa zamu, haikusimama hata mwezi mmoja. Kila aliyefikiwa na zamu alipokea feza yake, na mikopo imerudi, isipokuwa miwili ambayo kamati inaifuatilia bila kutaja majina hapa. Nafasi iliyobaki naipa herufi moja, F, iliyotugombanisha tangu Agosti.

Mwezi wa tano mama mmoja anayeuza vitenge Kamembe, upande wa Rwanda, alileta mchango moja kwa moja kutoka mpakani. Katika kaye, yaani daftari letu la hesabu, iliandikwa "F 60,000", basi. Mtunza feza akaihesabu kama faranga ya Kongo. Mama alikuwa ametoa ya Rwanda, ambayo mwaka huu moja ilikuwa karibu sawa na mbili zetu. Noti zilibadilishwa pamoja na nyingine, na tulipofungua sanduku mwezi wa nane tukakuta feza imezidi, haina mwenyewe. Kwa siku tatu tulitazamana kama wezi, ingawa hakuna kilichopotea! Sahihi yangu ipo chini ya ukurasa ule, kwa hiyo lawama ni yangu pia.

Katika kikao kile mzee mmoja aliuliza kwa nini Kongo, Rwanda na Burundi zote ziite feza yao faranga. Niliahidi kujibu katika taarifa hii.

Neno lilianzia Ufaransa. Mfalme Jean wa Pili alitekwa na Waingereza huko Poitiers mwaka 1356, na ili aachiwe ilibidi ufalme ukubali fidia kubwa mno. Aliporudi mwaka 1360 ikapigwa sarafu ya dhahabu inayomwonyesha juu ya farasi, upanga mkononi, na maandishi ya Kilatini yanayomwita Francorum Rex, mfalme wa Wafranki. Wengi husema jina lilitoka kwenye maandishi hayo. Wengine wanakumbusha kwamba kwa Kifaransa franc ni mtu huru, na mfalme alikuwa ametoka kifungoni. Naona maana zote mbili zilisafiri pamoja, ingawa inanichekesha kwamba sarafu ya "huru" ilizaliwa wakati wa kulipa deni.

Faranga iliingia Kongo mwaka 1887, wakati wa Léopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, ikiwa na thamani sawa na ile ya Ubelgiji. Ng'ambo ya mto Ruzizi, huko Rwanda na Burundi, Wajerumani walikuwa na rupia. Wabelgiji walipowafukuza mwaka 1916, faranga nayo ikavuka mto. Wazee wetu wa hapa Bukavu waliokwenda Bujumbura miaka ya hamsini hawakumtafuta mbadilisha feza, maana noti ilikuwa moja, na benki iliyoitoa ilibeba majina ya Kongo ya Ubelgiji na Ruanda-Urundi pamoja. Baada ya uhuru wetu wa 1960 tukatengana. Rwanda na Burundi zikabaki na faranga moja hadi 1964, kisha nazo zikagawana. Nyumba iligawanywa, kila mtoto akaondoka na jina la baba.

Sisi tulilitupa jina hilo kwa muda. Mwaka 1967 Mobutu alileta zaire, moja kwa faranga 1,000, na ndani yake makuta 100. Zaire lenyewe ni neno la Kikongo nzadi, yaani mto, jinsi Wareno walivyolisikia. Bei zilipopanda bila breki zaire ikafa, hata ile mpya ya 1993 haikuiokoa, na mwaka 1998 faranga ikarudi, moja kwa zaire mpya 100,000. Makuta hayakufa. Mtu akikwambia leo kule Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, kwamba hana makuta, humuulizi ni noti gani: anasema hana feza. Na Wafaransa wenyewe wameacha faranga tangu 2002, kwa hiyo jina la mfalme wao tunalibeba sisi.

Mzee hakuridhika. Akauliza: tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mkataba wa feza moja ulitiwa sahihi tangu 2013, je, hiyo feza itaitwaje? Shilingi ya Kenya, Uganda na Tanzania ni urithi wa Waingereza, faranga ni wa Wabelgiji. Ulaya nao walihangaika. Jina la kwanza la feza yao ya pamoja, ECU, lilifanana na sarafu ya kale ya Wafaransa, na Wajerumani walisikia ng'ombe ("Kuh" kwa lugha yao) ndani yake. Mbelgiji mmoja mwalimu, Germain Pirlot, aliandika barua mwaka 1995 akipendekeza "euro", na Desemba ya mwaka huo viongozi waliokutana Madrid wakalichagua jina hilo. Mimi ningependekeza simbi, maana makombe yale kutoka Bahari ya Hindi yalinunua vitu huku bara kabla ya noti yoyote. Nilizomewa. Mama mmoja alisema iitwe wapendavyo, mradi katika kaye jina liandikwe lote.

Ndivyo tulivyoamua. Kaye mpya ina safu tatu: faranga ya Kongo, faranga ya Rwanda, dola. F peke yake haipokelewi tena. Yule mama wa vitenge alirekebishiwa hesabu mwezi wa tisa. Aliomba ziada yake kwa faranga ya Rwanda. Tulimpa ya Kongo, na tumeandika maneno yote mawili.

Mwenyekiti wenu,
Bukavu