Bahati niliyofungiwa pamoja na mihogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo dogo lililonipata mwezi Aprili, na kisha nitoe ombi. Kwanza sina budi kuungama kwamba mimi ni miongoni mwa wasomaji wasiokuletea faida, wale tunaosimama asubuhi mbele ya meza ya muuza magazeti, mikono nyuma, tukasoma vichwa vya habari kisha tukaenda zetu bila kuacha hata shilingi. Ukurasa wa ndani wa gazeti lako nilioutazama kwa makini kuliko wowote mwaka huu nilipewa bure, nao ulikuwa umelowa mafuta ya kukaangia mihogo.

Ilikuwa Jumatano, na mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha. Njia niliyoizoea kutoka Mikanjuni kwenda soko la Mgandini ilikuwa imejaa maji, kwa hiyo nikazunguka na baiskeli yangu kupitia mitaa ya Ngamiani, na huko tairi la nyuma likachomwa na kipande cha chupa. Fundi baiskeli aliyekuwa chini ya mwarobaini, ambaye kumbe niliwahi kumfundisha, alinipokea kwa shikamoo, akafungua tairi, akauzamisha mpira wa ndani katika karai la maji, akaona mapovu yanapotokea, akapapiga msasa. Alipotaka kubandika kiraka ndipo alipokumbuka kwamba solusheni yake imeazimwa na fundi mwenzake tangu alfajiri. Kijana wake akatumwa kuifuata, nami nikaambiwa, “Mwalimu, kaa kidogo tu,” maneno ambayo kila mwenye baiskeli hapa Tanga anajua yana urefu gani.

Pale jirani kuna mama anayeuza mihogo ya kukaanga. Kwa kawaida huifungia wateja katika kurasa za madaftari ya zamani ya wanawe, lakini siku hiyo madaftari yalikuwa yamekwisha na alikuwa amenunua magazeti chakavu kwa kilo. Akachana ukurasa mmoja katikati, akaniwekea vipande vinne na pilipili ya ndimu. Nilipomaliza kula, kijana wa solusheni akiwa bado hajaonekana, nikaikunjua ile karatasi nikaanza kuisoma kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya. Lilikuwa gazeti lako la siku tisa nyuma, na chini kabisa, karibu na mchano, palikuwa na tangazo linalowataka wastaafu wa kundi langu wafike wenyewe kwa uhakiki kabla ya Ijumaa ya wiki ile ya pancha yangu, na kwamba asiyefika malipo yake yatasimamishwa hadi atakapojitokeza. Sikuwa na habari hiyo hata chembe. Alhamisi asubuhi nilikuwa kwenye foleni na kitambulisho changu, barua ya kustaafu na picha mbili, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimekwisha kuhakikiwa. Niliwapigia simu wastaafu wenzangu wawili, na mmoja wao naye alikuwa hajasikia lolote.

Nyumbani jambo hili lilizungumzwa kwa siku kadhaa. Mke wangu alisema ni kudra ya Mwenyezi Mungu, na kwa miaka arobaini ya ndoa nimejifunza kutobishana naye katika mambo ya dini. Jirani yangu alisema ni bahati. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akifundisha Kiswahili alisahihisha wote wawili, akasema neno lake hasa ni sadfa, kwa kuwa mambo yaliyokutana hayakuwa yametafutana. Mimi nilikumbuka methali isemayo kwamba riziki kama ajali, huitambui ijapo, ambayo nilikuwa nikiisikia tangu utotoni bila kufikiri kwamba ajali yenyewe yaweza kuwa ndiyo mlango ambao riziki imepitia, kama ilivyokuwa pancha yangu.

Kwa kuwa nilifundisha hisabati na fizikia, sikuweza kuliacha hapo. Nilikaa barazani nikaupima mnyororo wenyewe: maji njiani, kipande cha chupa, solusheni iliyoazimwa, madaftari yaliyokwisha, gazeti la tarehe ileile, na mchano uliopita pembeni mwa tangazo badala ya kulikata. Nikiipa kila pete ya mnyororo huo nafasi moja kati ya tano, ambayo naona ni ukarimu, mambo yote sita kutokea pamoja ni nafasi moja kati ya 15,625. Mtu akipewa hesabu hiyo bila maelezo ataona kwamba nimetendewa muujiza.

Hata hivyo hesabu hiyo ina udanganyifu ambao nilikuwa nikiwaonya wanafunzi wangu, yaani nimeanza kuhesabu nikiwa tayari nimefika mwisho. Baiskeli yangu imepata pancha mara nyingi kiasi kwamba fundi anajua tarehe ya kuzaliwa ya mjukuu wangu, na katika hizo zote nimekula mihogo, karanga na kachori zilizofungwa katika karatasi zisizonihusu kabisa, nazo sikuzihesabu. Kuna hesabu moja inayohusishwa na Littlewood, mwanahisabati wa Cambridge: ukikubali kwamba kila sekunde ya saa nane ambazo mtu yu macho na makini huleta tukio moja, basi kwa siku anapata matukio 28,800, na kwa siku 35 anapita milioni moja. Kwa hiyo jambo la nafasi moja kati ya milioni lapaswa kumfikia kila mmoja wetu karibu kila mwezi. Tunashangaa kwa sababu hatujui litakuja kupitia mlango gani, na mara nyingi likija hatumo chumbani.

Hapa ndipo nilipofika kwenye jambo lililonifanya niandike. Kijiweni karibu na kwangu kuna vijana wanaobeti kila wiki, na mmoja wao, kijana mwenye akili ambaye ningependa kumwona chuoni, alinionyesha mkeka wake, yaani orodha ya ubashiri wake wa mechi kumi, ambamo tisa zilikuwa zimetoka sawa na moja ikauchana. Alikuwa akiamini kwa dhati kwamba amekosa kidogo tu na kwamba wiki ijayo atafika. Nilimkokotolea kwenye mchanga: hata kama kila mechi aliyoichagua ilikuwa na uhakika wa asilimia sabini, na mechi za namna hiyo si nyingi, kumi zote kutoka sawa ni chini ya mara tatu katika mia, na kama kila moja ni nusu kwa nusu, ni mara moja katika 1,024. Akanijibu, kwa adabu, “Lakini mwalimu, na wewe si ulipata tangazo ndani ya mihogo?”

Ni swali zuri, na lilinichukua siku mbili kulijibu. Mnyororo wangu na mkeka wake vyote ni mambo mengi yaliyofungwa pamoja, na kwa kukokotoa tu wangu ulikuwa mgumu zaidi. Tofauti yao ni kwamba mkeka unakudai uzitaje pete zote kabla hazijatokea, tena uweke fedha, na ukikosea moja nyingine zote hazina thamani. Ilhali mimi sikuitaja hata moja wala sikuweka senti juu ya kile kipande cha chupa. Tena, kama solusheni isingeazimwa, huenda ningelisikia tangazo hilo redioni au kwa mstaafu mwenzangu siku ya pili, kwa maana bahati ndogo za kila siku zina njia nyingi za kufika mahali pamoja. Mkeka una njia moja tu.

Mkoa wetu una mfano mkubwa zaidi wa bahati kama hii isiyowekewa dau, nami nasikitika kwamba vijana wengi hawaujui. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake, na nafasi katika jokofu ilikuwa ya kugombaniwa. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo yaingizwe. Siku moja mwenzake, alipomwona Mpemba anachemsha, aliharakisha kuingiza maziwa yake mabichi yaliyotiwa sukari ili asikose nafasi, na Mpemba, akiona sinia la mwisho litamponyoka, akaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado. Haraka ya mtoto mmoja na pupa ya mwingine ndiyo iliyoleta jambo ambalo leo vitabu vya fizikia duniani vinaliita kwa jina lake.

Lakini angalieni, ndugu wasomaji, palihitajika nini zaidi ya bahati. Alimuuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Wakati wa likizo rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu hapa Tanga mjini alimwambia kwamba hata yeye huingiza maziwa ya moto ili yawahi kuganda. Akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa zima likafanya maneno hayo kuwa mzaha. Alipokuja mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, akauliza mara nyingine mbele ya wote. Osborne alirudi akamwagiza fundi wa maabara ajaribu, naye fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, lakini asihofu, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao katika jarida la Physics Education. Wataalamu bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kila mara na kwa sababu gani, ambao ni ubishi wa halali. Mimi, ambaye katika kazi yangu niliwahi kumwambia zaidi ya mwanafunzi mmoja kwamba amechanganyikiwa, huisoma habari hii nikiwa na aibu kidogo.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni dogo. Gazeti lako hutenga nafasi kubwa kila wiki kwa ajili ya mechi za kubeti, na najua kwamba nafasi hiyo hulipiwa. Naomba utenge kipande kisichozidi upana wa kiganja ambamo wasomaji watasimulia bahati ndogo zilizowafika bila kuweka dau: ufunguo uliookotwa na kurudishwa, basi lililokosekana, mtu aliyekutwa kwenye foleni isiyo yake. Ziandikwe pamoja na pete zake zote, na hasa watajwe kwa kazi zao wale ambao hawakujua kwamba wamo katika mnyororo. Yule mama wa mihogo nilipomrudia kumshukuru alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Haya mwalimu, basi leo nunua ya mia tano zaidi,” na nikanunua.

Kile kipande cha gazeti bado ninacho. Upande wake wa pili una jedwali la mechi za wiki ile pamoja na timu zilizopewa nafasi ya kushinda. Yule kijana wa kijiweni aliniomba akikague, akakipitia kwa kidole mstari kwa mstari, na akanirudishia akisema kwamba mkeka ule ungechanika kwenye mechi ya tatu.

Wako msomaji wa kusimama,
Mwalimu mstaafu,
Mikanjuni, Tanga.