Hiace yako na baridi ya Kibosho

Sakina, Arusha
12 Juni

Ndugu yangu Aminieli,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie ile kahawa aliyonifungia bado tunainywa. Sisi huku hatujambo, tatizo ni baridi tu. Masika imekwisha, sasa ni mawingu kutwa na manyunyu ya asubuhi, na Meru hatujauona siku nyingi. Gereji ndiyo imejaa. Kabla sijafungua geti nakuta watu wananisubiri na betri mikononi, na karibu wote ni wenye magari ya dizeli.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema Hiace inagoma alfajiri, inazunguka kivivu halafu inanyamaza, na fundi mmoja hapo mjini kakuambia ununue stata. Kisha ukaandika, kwa kupitia tu, kwamba siku hizi unailaza pale kwenye mteremko juu ya nyumba ili asubuhi uiachie iserereke, uingize gia ya pili, iwake. Maneno hayo ndiyo yaliyonikalisha kuandika barua badala ya kukupigia simu. Nakuomba uache, Aminieli, na uache leo.

Nikueleze kwa nini. Breki za gari lako zinasaidiwa na pampu ndogo ya kuvuta hewa iliyofungwa nyuma ya altaneta, ile mashine inayochaji betri. Injini isipozunguka, pampu hiyo nayo imelala. Ukikanyaga pedeli mara mbili tatu inakuwa ngumu, unakanyaga kwa mguu mzima na gari bado linakwenda. Usukani nao unakuwa mzito. Sasa njia yenu ya kushukia naijua: kona, udongo unaoteleza, ukungu, watoto wanaokwenda shule gizani na akina mama waliobeba ndizi kuwahi soko. Siku injini ikikataa kuwaka ukiwa katikati ya mteremko, utakuwa umeshika tani nzima na zaidi isiyosimama. Afadhali abiria wa kwanza wakukose.

Pia huko kuserereka kunakuficha ugonjwa. Gari linawaka, unasahau, altaneta inahangaika siku nzima kujaza betri isiyojaa, na kesho ni yale yale.

Baridi, kwa maoni yangu, haijaiua betri yako. Imeifichua tu. Betri nzima hupoteza kama theluthi moja ya nguvu zake za kuwashia pale joto linaposhuka hadi nyuzi 0, na sisi usiku wa Juni hatufiki huko. Huku Arusha tunacheza kwenye 12 au 13, na nyinyi huko Kibosho, juu ya Moshi, hamtofautiani sana nasi. Betri inayoshindwa kwa baridi ya namna hiyo ilishakwisha zamani. Ilikwishia Januari na Februari, ulipokuwa unashinda stendi ya Moshi juani, injini inatokota na maji ya betri yanapungua kidogo kidogo bila mtu kufungua vifuniko. Mafundi wa betri wana kanuni kwamba joto la kila siku likipanda nyuzi 10, uhai wa betri unapungua karibu nusu. Ila wakati wa joto oili ni nyepesi, injini inazunguka kirahisi, kwa hiyo hukusikia kitu. Ni kama mzee anayeficha maradhi kiangazi chote, kipupwe kikaja kumlaza.

Na dizeli ina masharti yake. Haina plagi za cheche kama gari la petroli. Inabana hewa, kwenye injini kama yako zaidi ya mara 20, mpaka hewa yenyewe inapata moto wa kuyawasha mafuta. Ili ibane hivyo lazima izunguke kwa kasi. Ikizunguka polepole, hewa inavuja pembeni mwa ringi za pistoni, chuma baridi kinanyonya joto lote, na mafuta hayawaki. Kabla ya hapo hita plagi zote nne, zile zinazopasha joto ndani ya injini, zimeshakunywa umeme mwingi ile taa ya koili ikiwa imewaka kwenye dashibodi. Hivyo betri inadaiwa kazi kubwa kuliko zote saa ile ile ambayo ina nguvu ndogo kuliko zote, na oili nayo imekuwa nzito. Kama umeweka 20W-50, ukimwaga oili safari hii weka 15W-40, ambayo ni nyepesi zaidi kwenye baridi; utaona inavyozunguka.

Kuhusu stata, usinunue bado. Stata haiwezi kuzunguka kwa umeme ambao haupo. Gari lenyewe linasema shida yake ukilisikiliza. Ukipiga selfu likalia tek-tek-tek na taa zikafifia, hiyo ni betri au vichwa vyake, pale waya zinapofungwa. Likizunguka vizuri kwa kasi, likatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi na bado halishiki, mafuta yanafika ila hayapati moto, basi tazama hita plagi. Likizunguka vizuri bila moshi wowote, mafuta hayafiki, pengine yanarudi tangini usiku kwa sababu kuna mahali panaingiza hewa. Kwa ulivyonieleza, kuzunguka kivivu, macho yangu yapo kwenye betri na waya zake.

Azima mita ya fundi ya kupimia volti. Gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa, pima kwenye betri. Iliyojaa inasoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na 12.0 ni karibu tupu. Kisha mtu apige selfu wewe ukiangalia namba: ikianguka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, na betri ilikuwa imechajiwa, hiyo ni ya kubadilisha. Gari likiwaka namba ipande, iwe kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, ukinunua betri mpya utaiua nayo, kwa sababu kasoro iko kwenye altaneta au mkanda unateleza.

Lakini kabla ya mita, safisha vichwa. Ule unga mweupe na kijani unazuia umeme kuliko watu wanavyodhani. Fungua hasi kwanza halafu chanya, mwagia maji ya moto yenye baking soda kidogo, sugua mpaka ung'ae, funga chanya kwanza, hasi mwishoni, upake grisi juu. Fuata pia waya wa ethi, wa kurudisha umeme, unaotoka injini kwenda bodi; magari mengi yanayoletwa kwangu yakisemwa yana stata mbovu nayatibu hapo, kwa kukaza nati moja iliyoshika kutu.

Maji ya kujazia yawe yale ya betri yanayouzwa dukani. Asidi usiongeze, hata fundi akikushauri. Maji ya bomba na ya mfereji pia usiweke, hata kama yanatoka mlimani na ni matamu kunywa. Yana madini yanayoharibu sahani za ndani. Haya ya kwetu Arusha ndiyo kabisa, yana floraidi inayobadilisha rangi ya meno ya watoto.

Ikibidi kununua, chukua betri ya ukubwa wa N70, tena uangalie tarehe iliyogongwa juu yake, kwa kuwa betri inazeeka hata rafuni. Zile kuukuu zilizofufuliwa, zinazouzwa nusu bei, mimi sizipendi kwa gari la dizeli. Zitawasha taa na redio vizuri, ila hazina nguvu za kugeuza injini alfajiri. Ile kuukuu yako uirudishe kwa muuza betri, wanazinunua. Nakusihi isipasuliwe nyumbani wala maji yake yasimwagwe kihambani. Madini ya risasi yaliyomo kwenye betri yakishaingia kwenye udongo wa migomba hayatoki, na watoto wanacheza humo.

Na yule mdogo wako mwenye Fuso mwambie hivi: gari lake ni la volti 24, betri mbili zimeungana. Asibadilishe moja akaacha nyingine, na ile redio aichomoe, maana najua kaichukulia umeme kwenye betri moja. Ndiyo sababu moja inakufa kila mwaka.

Jumamosi ninakuja Moshi kufuata vipuri, nitapanda hadi kwako saa moja asubuhi. Nitakuja na mita, taa ya kupimia hita plagi na waya za kuboost. Ijumaa jioni lilaze gari mahali pa tambarare, uweke jiwe nyuma ya tairi, na tafadhali usiliwashe mpaka nifike, nataka kulipima likiwa bado na baridi ya usiku. Abiria wa asubuhi hiyo mwombe jirani akuchukulie. Hita plagi ikionekana imekufa tutainunua mjini siku hiyo hiyo.

Mpaka hapo, kama lazima utoke kesho, azima betri ya jirani ulibusti. Chanya kwa chanya, na ncha ya mwisho ya hasi uifunge kwenye chuma cha injini yako, mbali na betri, pasiwe na sigara karibu.

Nisalimie wote.

Rafiki yako,
Zakaria