Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2024

Wanachama wenzangu mliosomea udaktari nje ya Kenya,

Mwaka jana nilisimama hapa hapa South B, Nairobi, nikawaahidi kwamba 2024 utakuwa mwaka wa mtihani wa Baraza la Madaktari. Niliahidi vibaya. Sehemu kubwa ya muda wa kamati ilimezwa na mihuri, tafsiri na majina. Waliotujia wakisema wamekwama, wachache sana walikuwa wamekwama kwa kutojua tiba. Wengi hawakuwa hata wamekanyaga chumba cha mtihani. Faili ndilo lililowaangusha.

Kwa waliojiunga majuzi, njia yenyewe ni hii. Shahada ya nje hutambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kule Red Hill Road. Makaratasi yako hukaguliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, Woodlands Road, lile ambalo sisi wakongwe bado tunaliita Bodi ingawa jina lilibadilishwa mwaka wa 2019. Baraza likiridhika, unaruhusiwa kufanya mtihani. Ukipita unasubiri kupangiwa hospitali ya kufanyia uanagenzi wa mwaka mmoja, na ukiumaliza ndipo unaposajiliwa. Kwa hiyo mtihani tunaouogopa hivi uko katikati ya safari, na nusu ya kwanza ni ya karani kuliko ya daktari.

Nianze na majina, maana ndiyo yaliyotutoa jasho. Kirusi hakina herufi ya W. Wanjiku akiandikwa kwa herufi zao kisha akarudishwa kwa zetu, anatoka Vanzhiku. Mwangi anakuwa Mvangi, na Hassan anaweza kurudi nyumbani akiwa Khassan. Mfasiri hakujui, anatafsiri anachokiona kwenye diploma. Unafika kaunta, kitambulisho kinasema W, tafsiri inasema V, na afisa hana kosa akikuuliza huyo Vanzhiku ni nani. Mimi mwenyewe nilizunguka mji huu miezi kadhaa nikiwa na jina ambalo mama yangu mzazi hangelitambua.

Dawa yake si ghali, ila inywe mapema. Mfasiri apewe nakala ya pasipoti kabla hajaandika neno la kwanza, ili jina lifuate pasipoti. Kisha uende kwa kamishna wa viapo ukale kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Lakini aliyebadilisha jina kabisa, kwa ndoa au kwa kuacha lile la ubatizo, asidhani kiapo kitamtosha. Huyo amwone wakili kuhusu hati ya kubadili jina.

La pili ni vyeti vyenyewe. Waliosomea China wanajua kwamba chuo hutoa karatasi mbili, cheti cha kuhitimu na cheti cha shahada. Mwaka huu tulimpokea kijana aliyekuja na kimoja tu. Cha pili kilibaki kwenye droo ya rafiki yake kule, na rafiki alikuwa amehama. Diploma ya Urusi nayo ina kiambatisho kirefu chenye masomo na saa zake. Bila kiambatisho hicho diploma ni jalada tupu. Tena haiandiki «bachela» popote. Inakutaja kuwa mtaalamu mwenye sifa ya udaktari, na mtu asiyeizoea hukuuliza shahada ya kwanza iko wapi. Diploma za Ukraine za miaka ya karibuni ndizo kichekesho zaidi, kwa sababu zinaandika «magistri». Hapa kwetu shahada ya uzamili ya tiba ni ya daktari bingwa. Mwanachama wetu mmoja aliulizwa, kwa adabu lakini kwa jicho kali, ni lini amekuwa bingwa akiwa na umri wa miaka 25. Hayo yote hutatuliwa na barua ya Tume, ndiyo maana nasema tangulieni huko kabla ya kwenda kubishana kwingine.

Kundi lililonisumbua moyo ni la waliokatizwa masomo. China ilifunga mipaka kwa wanafunzi wa kigeni Machi 2020 na viza za masomo hazikurudi hadi Agosti 2022. Kuna wenzetu waliosoma upasuaji wakiwa sebuleni kwa wazazi wao, Umoja na Rongai, simu ikiegemezwa kwenye chupa ya chai. Halafu vita vya Ukraine vikaanza Februari 2022, wengine wakahamia vyuo vya nchi jirani na sasa wana matokeo ya nusu huku na nusu kule. Aprili 2023 vita vikafika Khartoum, Sudan. Ukimwambia aliyetoka Khartoum alete nakala rasmi ya matokeo, unamtuma kwenye jengo ambalo huenda halina paa.

Kamati haikuweza kuwatatulia wote, na sitajifanya tuliweza. Tulichofanya ni kuwaandikia wasajili wa vyuo kwa niaba ya wanachama, tukiomba uthibitisho utumwe moja kwa moja kwa mamlaka za hapa. Karatasi iliyopitia mikononi mwako haina uzito wa ile iliyotoka chuoni bila wewe kuigusa. Chuo kimoja, nisichokitaja, kilituchukua kutoka Februari hadi Septemba kwa barua ya aya moja. Kingine kilijibu siku ya pili. Waliosoma miji ya bara Hindi na Uturuki hawakutuletea shida kubwa, nawapita.

Sasa kosa letu. Machi tulikubaliana kuchanga pesa tumlipe mfasiri mmoja atufanyie kazi ya pamoja kwa bei nafuu. Wazo lilikuwa langu. Mfasiri alijua Kirusi barabara, lakini muhuri wake haukukubalika, na tafsiri zote zikarudishwa. Niliangalia bei kabla ya kuangalia kama anatambuliwa. Kamati imerudishia wanachama sehemu ya mchango, na salio mhazini ataeleza akisoma hesabu. Nimeomba radhi kwa mmoja mmoja, naomba tena mbele yenu nyote.

Kuhusu mtihani, darasa la Jumapili asubuhi liliendelea mwaka mzima, na nadhani ndicho kitu bora chama hiki kinacho. Aliyesomea nchi ya barafu anaijua malaria kwa kurasa mbili za kitabu. Anaweza kukuchorea mzunguko wa kimelea usiku wa manane, lakini hajawahi kuona mtoto wa miaka 3 akidegedega nayo. Kwa hiyo tulirudia ya nyumbani: dawa ya mseto ya AL (artemetha na lumefantrini) kwa malaria ya kawaida, atesuneti ya sindano kwa malaria kali, chanjo ya surua miezi 9 na 18, mzingo wa mkono wa juu wa mtoto ukiwa chini ya sentimita 11.5 kuwa dalili ya utapiamlo mkali. Magnesiamu salfeti kwa mama anayetiwa kifafa na mimba. Yaliyokuwa mapya kwa wengi ni kala-azar, ugonjwa wa kuvimba wengu, ya Baringo na Pokot Magharibi na kuumwa na nyoka. Kwa watoto msome ule mwongozo mdogo wa Wizara ya Afya mpaka kurasa zilegee. Vitabu vinene vya Ulaya mviache kabatini kwa sasa.

Jambo moja lilinishangaza. Tulipojaribu mahojiano na mgonjwa, waliokwama walikuwa wanaume na wanawake waliozaliwa hapa hapa. Wamejifunza kuuliza maumivu kwa Kirusi au Kichina. Mwigizaji wetu wa mgonjwa, mama mmoja mstaafu wa uuguzi, alipowaambia «tumbo linanisokota, halafu linaachia», kuna aliyeandika «maumivu ya kudumu». Mama akamgeukia: «Daktari, nimesema linaachia.» Wenzetu kutoka Bukavu na Goma, kule Kongo, walicheka sana, ingawa nao walipata zamu yao alipoanza Sheng ya Kayole.

Hao wageni njia yao si hii yetu. Wao wana habari ya leseni ya muda, kibali cha kazi na barua ya mwenendo mwema kutoka baraza la nchi walikofanya kazi. Katibu ana maelezo, mwoneni.

Waliopita mtihani nao hawakupumzika. Mgomo ulioanza katikati ya Machi na kwisha tarehe 8 Mei, siku 56, ulihusu sana wanagenzi: serikali ikitaja shilingi 70,000 kwa mwezi, chama cha madaktari kikishikilia 206,000 za mkataba wa 2017. Tuliulizwa mbona hatukutoa tamko. Wanachama wetu wengi walikuwa bado hawana hata namba ya usajili, nikaona sauti yetu ingekuwa ya mtu anayedai kiti kwenye nyumba ambayo hajafunguliwa mlango. Wapo waliokasirika, na huenda walikuwa na haki.

Wanaotazama Marekani au Uingereza sitawazuia, wala sidhani ni usaliti. Jueni tu kwamba hatua ya kwanza ya mtihani wa Marekani haina alama tena tangu Januari 2022, ni kupita au kuanguka. Sehemu ya pili ya ule wa Uingereza hufanyiwa Manchester, basi nauli na viza viwe kwenye hesabu. Na huko pia wataandikia chuo chako moja kwa moja. Faili litakufuata.

Mhazini anasoma hesabu baada yangu. Uchaguzi ni baada ya chai, na mimi sigombei. Kabati la faili liko kwa katibu pamoja na funguo mbili. Kuna vyeti halisi vitatu ambavyo wenyewe hawajavichukua tangu Juni. Wenyewe tafadhali msiondoke bila kutia sahihi na kuvichukua.