Rubani apimwe kabla ya kushonewa ndege

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Wiki iliyopita mlitoa makala juu ya ndege mpya ya kivita ya Uingereza, Italia na Japani, inayotarajiwa kuanza kazi mwaka 2035. Mwandishi alisifu wazo la BAE Systems, kampuni ya Uingereza inayounda ndege za kivita, la kuondoa karibu swichi zote na saa za vipimo mbele ya rubani, kila kitu kionekane kwenye kioo cha kofia yake. Eti huko ndiko kumjali binadamu. Mimi ni fundi cherehani, umri umenitupa mkono, na ndege nimepanda mara moja tu. Lakini nina neno.

Nilipoanza kushona sare za shule, miaka 31 iliyopita, nilikata zote kwa saizi ya kati. Siku ya kugawa, huyu suruali imemkaa kiunoni lakini imeishia juu ya fundo la mguu. Yule mabega sawa, mikono imemeza vidole. Mtoto wa saizi ya kati sikumwona. Kijana wangu anayesomea uhandisi akaniambia Jeshi la Anga la Marekani nalo lilipita humo humo. Mwaka 1950 lilipima marubani zaidi ya 4,000. Luteni mmoja, Gilbert Daniels, akachukua vipimo kumi na kutafuta nani yuko karibu na wastani kwa vyote. Hakupata hata mmoja! Ndipo vikaja viti vya kusogezwa na mikanda ya kurekebishwa.

Ungedhani wameshika somo. Mwaka 2015 marubani wenye uzito chini ya kilo 62 hivi walizuiwa kurusha F-35, ndege ya kivita ya Marekani, kwa kuwa kiti cha kujirusha nje na kofia nzito vingeweza kuwaumiza shingo. Zuio liliondolewa 2017, baada ya kofia kupunguzwa uzito na kiti kurekebishwa. (Mimi nina kilo 54.)

Ila hoja yangu hasa ni vidole. Cherehani yangu ya zamani ina chuma kinachoshuka hadi kwenye goti. Nikikisukuma, kikanyagio, yaani kile kichuma kinachobana kitambaa chini ya sindano, kinainuka, mikono ikiwa bado kwenye kitambaa na macho kwenye sindano. Rubani naye ana vifungo juu ya fimbo ya kuongozea, kila kimoja na umbo lake, kidole kinavijua hata gizani. Ndege ikikata kona kali, mkono wake unaweza kuwa mzito mara tisa. Atauinuaje kwenda kugusa swichi ambayo ni picha tu kwenye kioo cha kofia?

Mwaka jana nilinunua cherehani ya kisasa. Cha kuinulia kikanyagio ni alama ndogo kwenye kioo kitupu. Kuipata lazima nitoe macho kwenye kazi, na kidole kikiwa na jasho haisikii. Siku ya pili tu sindano ilinipitia ukuchani. Aliyeibuni, naapa, hajawahi kupinda kola.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa B-17, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, walikuwa wakitua salama, kisha wanakunja magurudumu badala ya flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, ndege inalala kifudifudi. Wakalaumiwa kwa uzembe. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akaona swichi mbili zinafanana na zimekaa jirani. Akashauri moja ipewe umbo la gurudumu, nyingine la bawa. Mpaka leo ndege nyingi zina kishikio cha gurudumu chenye umbo la gurudumu.

Kwa hiyo, Mhariri, mwandishi wenu akiwaandikia tena hao mabwana wa BAE, awaulize kidole kilicho ndani ya glavu kitapapasa nini. Mimi nimegundisha kifungo cha shati pembeni ya ile alama. Kijana wangu analalamika nimeharibu mashine ya milioni moja na laki mbili, lakini ukucha wangu umeshaota.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga