Nimeutembea kwa Miguu Mzunguko Wetu wa Monaco

Rafiki yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya pamoja na wote nyumbani. Nimekaa kimya muda mrefu, lakini safari hii nina habari ambayo sijui nani mwingine angeielewa kama wewe: jana niliutembea kwa miguu, mwanzo hadi mwisho, ule mzunguko tuliokuwa tukishindania usiku kucha katika Gran Turismo 4, ule mchezo wa video wa mbio za magari. Mchezo uliuita Côte d'Azur bila kulitaja jina la Monaco, ingawa kona zake zote zilikuwa za Monaco, mji ambao barabara zake za kawaida hugeuzwa uwanja wa mbio za magari ya Formula 1.

Nilikwenda kwa treni kutoka Nice, na mlango mmoja wa stesheni hukutokeza karibu kabisa na kanisa la Sainte-Dévote, penye kona ya kwanza. Hapo kando ya barabara pana sanamu ya gari la Bugatti la dereva William Grover-Williams, aliyeshinda mashindano ya kwanza kabisa ya mji huu mwaka 1929. Sikuwahi kukanyaga Monaco maishani, na bado sikuhitaji kumuuliza mtu njia. Nilijua kwamba nikikata kulia nitaanza kupanda, kwamba juu kuna kona ndefu ya kushoto, kisha uwanja wa Casino, kisha mteremko. Nakiri kwamba jambo hilo lilinigusa sana, kwa sababu ujuzi huo niliupata nikiwa nimekaa sakafuni kando yako, nikisubiri zamu yangu ya kushika pedi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho mchezo ulitunyima, nacho ni mlima. Unakumbuka tulivyokuwa tukitoka Sainte-Dévote tukikanyaga mafuta hadi mwisho, tukiiona mbele yetu barabara iliyokaribia kunyooka, ambayo kazi yake pekee ilikuwa kutupatia mwendo? Jana nilipofika katikati ya mwinuko huo, unaoitwa Beau Rivage, nilisimama na kushika ukuta ili nipumue. Kati ya sehemu ya chini na ya juu ya mzunguko kuna tofauti ya kimo ya takriban mita 42, sawa na jengo la ghorofa 14 hivi, na sehemu kubwa ya kimo hicho unaipanda hapo hapo, kwa mkupuo mmoja. Nimelitafakari sana jambo hili, na naamini sababu yake ni kwamba gari linapoinua pua kupanda, kamera ya mchezo huinuka pamoja nalo, hivyo barabara iliyo mbele hubaki katikati ya kioo cha televisheni kana kwamba ni tambarare. Majengo ya pande zote mbili huificha bahari, na jicho hukosa mstari wowote ulio sawa wa kulinganishia. Mwili ndio unaojua mlima, na miili yetu ilikuwa imetulia sakafuni.

Mlima huo unabadilisha maana ya kona inayoufuata. Ukiwa chini huioni kona ya Massenet. Inajificha nyuma ya mpando hadi ukaribie kabisa, na dereva wa kweli huanza kufunga breki kwa ajili ya kitu ambacho bado hajakiona chote. Sisi tulikuwa tukiona kila kitu mapema, tena tulikuwa na ramani ndogo pembeni mwa kioo. Sasa ninaelewa kwa nini nilipokuwa nikiwatazama madereva wa Formula 1 nilidhani wanasitasita mahali ambapo mimi nilipita kwa ujasiri mkubwa.

Baada ya uwanja wa Casino barabara inaanza kushuka, na lami yake ina uvimbe ambao madereva huukwepa kwa kusogea pembeni kidogo kabla ya kufunga breki kwa ajili ya kona ya Mirabeau. Sisi tulipita hapo moja kwa moja bila kujua kwamba kuna cha kukwepa. Kisha nikafika kwenye ile kona ya kushoto inayojikunja hadi kukurudisha ulikotoka, iliyo chini ya hoteli, na hapo nilikaa karibu nusu saa. Magari ya Formula 1 huipita kwa mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, na timu huyabadilisha kidogo mitambo ya usukani kwa ajili ya wikendi ya Monaco, ili magurudumu yaweze kupinda kupita kiasi cha kawaida. Nililitazama basi la abiria likiikata kona hiyo. Dereva alipunguza mwendo mapema, akalitanua basi hadi upande wa nje, akauzungusha usukani mkono juu ya mkono, kisha akauachia ujirudishe taratibu huku akitazama kioo cha pembeni. Ilikuwa kazi safi kabisa. Wewe na mimi tulikuwa tukiligusa gari la mwenzetu ubavuni ili litusaidie kugeuka.

Katika handaki nilipita kwenye njia ya waenda kwa miguu, magari yakipita kando yangu. Mchezo uliutendea haki mwangwi wake, hilo nalisema bila kusita, na hata ule mpindo mrefu wa kulia unaoendelea gizani upo vilevile. Ambacho sikukitarajia ni namna mwanga wa bahari unavyoyapiga macho mlangoni. Nilikuwa nikitembea tu, na bado nilikunja uso na kupoteza hatua moja au mbili za barabara. Dereva wa mashindano hukutana na mwanga huo akiwa na kasi ya karibu kilomita 290 kwa saa, na papo hapo anatakiwa kufunga breki kwa ajili ya kona mbili zilizofuatana, ya kushoto na ya kulia, bandari ikiwa kando yake.

Hapo bandarini nilisimama tena. Mwaka 1955 dereva Alberto Ascari alipitiliza na gari lake la Lancia hadi ndani ya maji, akaogelea akaokoka, kisha akafariki siku nne baadaye akijaribu gari lingine kwenye uwanja wa mbio wa Monza, Italia. Mwaka 1967 dereva mwingine, Lorenzo Bandini, aligonga vizuizi mahali hapo hapo, gari likawaka moto, na baada ya siku tatu akafariki kwa majeraha. Nilikumbuka ni mara ngapi tulianguka kwenye kona hiyo na kubonyeza kitufe cha kuanza upya, na sikuweza kuondoka haraka.

Kona za Tabac, za bwawa la kuogelea na ya Rascasse sitakuchosha nazo, kwa kuwa upande huo wa bandari ni tambarare na mchezo uliuchora kwa uaminifu. Nitakutajia tu vivuko vya waenda kwa miguu na vifuniko vya chemba vilivyotapakaa barabarani. Rangi ile nyeupe ikilowa huteleza vibaya, na vifuniko lazima vifungwe imara kabla ya mashindano. Mwaka 2016 kimoja kilifyatuka wakati wa mazoezi kikaligonga gari la dereva Jenson Button. Vizuizi vya chuma navyo huchukua takriban wiki sita kusimikwa, na vikishaondolewa, barabara hurudi kuwa ya watu, yenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa.

Mzunguko mzima ni kilomita 3.337. Mwaka 2021 dereva wa Formula 1 Lewis Hamilton aliumaliza kwa dakika 1 na sekunde 12.909 katikati ya mashindano. Mimi nilitumia karibu saa tatu.

Sasa nina ombi. Najua bado unayo mashine ile ya zamani. Tafadhali iwashe, uchague mzunguko wetu, kisha usilikimbize gari: lisimamishe pale Sainte-Dévote, mara tu baada ya kona, na utazame juu kwa utulivu. Uniandikie uniambie kama kutoka hapo unaiona kona ya Massenet, maana mimi nilisimama mahali hapo hapo na sikuiona.

Ni mimi rafikiyo akupendaye.