Barua kwa mwanangu: akiba ya chakula huoza

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na wote walio chini ya paa lako. Sisi huku hatujambo. Uliniomba nikuelekeze namna ya kuiweka nyumba yako tayari kwa siku ambazo umeme utakatika, maji hayatatoka bombani, barabara itafungwa au kipato kitayumba. Nimeona niandike kwa kirefu badala ya kukujibu kwa maneno mawili matatu ya simu, kwa sababu mambo haya utahitaji kuyasoma tena siku utakaposimama mbele ya gunia au dumu ukijiuliza ufanye nini.

Wahenga walituambia akiba haiozi. Kwa fedha na kwa elimu sina ubishi nao, lakini akiba ya chakula huoza, maji yaliyohifadhiwa vibaya huchafuka, na dawa huisha nguvu zikiwa kabatini. Ndiyo maana nakuomba usirundike vitu bali uvizungushe. Chakula cha dharura kiwe kilekile mnachokula kila siku, kiasi kikubwa kuliko mahitaji ya wiki, kinacholiwa kutoka mbele ya rafu na kujazwa kwa nyuma. Kila kinachoingia stoo kiandikwe tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na cha zamani kitangulie kupikwa. Wanaonunua vyakula wasivyovizoea na kuvifungia kwa ajili ya siku ya shida huvikuta vimeharibika, au watoto huvikataa siku hiyohiyo ambayo nyumba haina kingine.

Anza na maji kabla hujawaza chakula, maana mtu anaweza kustahimili njaa kwa siku nyingi, lakini kiu humwangusha kwa siku chache tu. Kadiria lita 4 kwa kila mtu kwa siku, takriban nusu za kunywa na zinazobaki za kupikia na usafi wa lazima. Mgonjwa, mama anayenyonyesha na siku za joto kali huhitaji zaidi. Nyumba ya watu wanne kwa siku tatu itahitaji lita 48, yaani madumu matatu ya lita 20 yatatosha na kubaki kidogo. Chagua vyombo vyenye mdomo mwembamba au vyenye bomba, kwa kuwa maji safi huchafuliwa mara nyingi na mkono au kikombe kinachochovywa ndani. Usitumie kamwe dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa za wadudu, hata likisuguliwa namna gani, kwa sababu plastiki hunyonya vitu hivyo na kuvitoa polepole.

Maji usiyoyaamini yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika moja, au dakika tatu ikiwa unaishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa huko maji hutokota kabla hayajafikia nyuzi 100. Usipokuwa na kuni wala gesi ya kutosha, klorini ya kufulia isiyo na manukato wala sabuni, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, itafanya kazi hiyo: matone mawili kwa lita moja ya maji maangavu, koroga, kisha subiri nusu saa. Maji yakiwa na tope, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, na uongeze matone yawe manne. Baada ya nusu saa maji yanapaswa kunukia klorini kidogo; yasiponukia, rudia kipimo hicho na usubiri tena. Kumbuka kwamba klorini nayo hupungua nguvu chupani kadiri miezi inavyopita, basi iandike tarehe kama vitu vingine. Na kumbuka kwamba kuchemsha na klorini huua vijidudu tu, haviondoi kemikali. Maji yaliyoingiwa na mafuta au dawa ya shambani hayafai kunywewa hata yakichemshwa kutwa.

Sasa nije kwenye chakula, na hapa nitakaa kidogo. Kiasi hakina fumbo. Mpango wa Chakula Duniani, ambao ni shirika la Umoja wa Mataifa, hupanga misaada yake kwa kukadiria kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na sehemu kubwa ya mgao wa kawaida huwa takriban gramu 400 za nafaka, gramu 60 za jamii ya kunde na gramu 25 za mafuta. Zidisha kwa watu wanne na siku 14, utapata kilo 22 na ushee za nafaka, kilo tatu na nusu hivi za maharage au dengu, na karibu lita moja na nusu ya mafuta, pamoja na chumvi. Ni mzigo unaoingia chini ya kitanda. Huna haja ya kuununua kwa siku moja wala kukopa kwa ajili yake. Kila uendapo kununua mahitaji, ongeza pakiti moja juu ya ulizozoea, na baada ya miezi michache akiba itakuwa imetimia bila mfuko wako kuumia.

Kazi yenyewe iko kwenye kuvihifadhi, na adui mkubwa ni unyevu. Panya unamsikia na fukusi unamwona, lakini unyevu huingia kimya, na pamoja nao kuvu. Nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 13 au 14 huanza kupata joto na kuota ukungu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumukuvu, ambayo huharibu ini na inaweza kuleta saratani ya ini kwa mtu anayeila kwa muda mrefu. Upishi wa kawaida hauimalizi sumu hiyo. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye ukungu zichambue na kuzitupa, na usiwape mifugo, kwa maana sumu hiyo hupita mpaka kwenye maziwa ya mnyama aliyeila.

Kujua kama nafaka imekauka hakuhitaji mashine. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa na yenye kifuniko, weka ndani chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, kisha mimina punje mpaka zifike kama robo ya chupa. Funga, tikisa kwa nguvu kwa dakika moja, halafu iache itulie kwa robo saa. Itazame chupa hiyo kwenye mwanga: chumvi ikiwa imeng'ang'ania kwenye kuta za kioo, nafaka bado ina unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na lazima irudi juani, ikiwa imetandazwa juu ya turubai na si juu ya udongo mtupu. Chumvi ikianguka yote chini na kuta zikabaki safi, unyevu umeshuka chini ya hapo. Mimi hupenda kuongeza siku moja ya jua hata hivyo, kwa sababu kati ya 15 na 13 kipimo hiki hakisemi kitu.

Ikishakauka, ipoe kivulini kabla ya kufungwa, maana nafaka ya moto hutoa mvuke ndani ya chombo. Kisha itie kwenye mifuko isiyopitisha hewa au ndoo zenye vifuniko vinavyobana sawasawa, ijae mpaka juu ili hewa iwe kidogo. Wadudu waliobaki humaliza oksijeni iliyomo, na ikishapungua huacha kula, huacha kuzaana, kisha hufa, bila dawa yoyote kugusa chakula chako. Lakini njia hii hufaulu pale tu chombo kinapokaa kimefungwa. Kila ukikifungua unawarudishia pumzi, na ndiyo sababu nakusihi ugawe akiba kwenye vyombo vidogo vingi na kufungua kimoja kimoja. Nafaka mbichi ukiifungia hivyo itavunda, kwa hiyo kukausha hakuna mbadala.

Penye uwezekano, weka nafaka nzima kuliko unga. Punje nzima imefunika mafuta ya kiini chake, ilhali ikisagwa mafuta hayo hukutana na hewa na kuanza kuharibika. Mchele mweupe uliofungwa vizuri katika sehemu kavu na yenye ubaridi hudumu miaka mingi, lakini mchele wa kahawia, ambao bado una pumba zake zenye mafuta, hukaa takriban miezi sita tu katika joto la kawaida la nyumba. Mafuta ya kupikia yakae gizani. Vyombo vyote viinuliwe juu ya mbao na visigusane na ukuta, ili hewa ipite na mkojo wa panya uonekane mapema.

Makopo nayo yana nafasi yake, hasa siku ambazo huwezi kuwasha moto. Mfaransa Nicolas Appert alichapisha njia yake ya kuhifadhi chakula kwa kukipasha moto ndani ya vyombo vilivyozibwa mwaka 1810, na mwaka huohuo Peter Durand alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya makopo ya bati huko Uingereza, lakini vifungua kopo vya kwanza vilikuja zaidi ya miaka 40 baadaye. Hapo katikati watu walitumia patasi na nyundo. Wewe nunua vifungua kopo viwili vya mkono. Kopo lililovimba, linalovuja au linalofoka linapofunguliwa litupwe bila kuonjwa, kwa kuwa sumu ya botulizimu inaweza kuua kwa kiasi kidogo sana na mara nyingi haina harufu.

Umeme ukikatika, usifungue friji ili kuangalia tu. Ikibaki imefungwa, chakula kitakaa salama kwa saa nne hivi. Friza iliyojaa huhimili saa 48 na iliyojaa nusu saa 24, basi nafasi tupu zijaze chupa za maji. Weka pia humo kikombe cha maji, yakishaganda uweke sarafu juu ya barafu. Ukirudi safari ukaikuta sarafu imezama chini ya kikombe, chakula kiliyeyuka na kuganda tena ukiwa haupo, nacho usikile.

Kuhusu moto nitasema kwa ukali kidogo, mwanangu, kwa sababu dharura nyingi huua watu kwa namna walivyojaribu kupika na kuota joto ndani yake. Mkaa usiingizwe ndani ya chumba cha kulala, hata ukiwa umeiva na hautoi moshi. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humtia mtu usingizi asiouamka. Jenereta hutoa hewa hiyohiyo na mahali pake ni nje, mbali na madirisha. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo ikivuja hukusanyika sakafuni. Ukisikia harufu yake funga mtungi, fungua milango, toa watu nje, na usiguse swichi yoyote, si ya kuwasha wala ya kuzima. Mafuta yakishika moto kwenye sufuria, zima jiko na uifunike kwa kifuniko. Ukimwaga maji, moto utaruka mpaka darini.

Maharage yaloweke usiku kucha, uyamwage maji yale, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kwenye maji mapya, kwa kuwa maharage mekundu yasiyochemshwa vya kutosha yana sumu inayotapisha. Baada ya hapo unaweza kuifunga sufuria kwa mablanketi mazito ndani ya kapu na kuiacha iendelee kuiva kwa joto lake yenyewe kwa saa kadhaa. Ukiifungua, yatokoshe tena kidogo kabla ya kupakua. Fueli utakayookoa ni nyingi.

Dawa za kila siku za wanaougua zisipungue za wiki mbili. Mtu akiharisha, tengeneza maji ya chumvi na sukari: lita moja kamili ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Chumvi isizidi, kwani kwa mtoto mdogo ni hatari. Vyeti, hati na nakala zake vikae kwenye mfuko mmoja usiopitisha maji, karibu na mlango, pamoja na tochi.

Limebaki suala la paa lako. Kila milimita moja ya mvua inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, hivyo paa linalofunika mita za mraba 40 litapokea lita 400 katika mvua ya milimita 10, na hata ukiondoa moja ya tano kwa kuvuja na kurukia nje, bado zinabaki lita 320. Maji ya mwanzo, yanayosafisha vumbi na kinyesi cha ndege, yaelekezwe kando, na tangi lifunikwe kwa wavu mbu wasizaliane ndani. Unapopima, usipime mteremko wa bati. Pima eneo ambalo paa linalifunika chini, urefu kwa upana, ukihesabu na sehemu zinazochomoza nje ya kuta. Niandikie vipimo hivyo pamoja na idadi ya watu unaoishi nao, ili tukokotoe pamoja ukubwa wa tangi kabla hujalipia fundi.

Wako akupendaye,
Mama