Krismasi hii usibaki Nairobi

Kisauni, Mombasa
Desemba 9

Baba Neema, swahiba wangu,

Bwana asifiwe. Huku kaskazi imeanza na joto ni lile lile unalolijua, jasho halikauki mpaka usiku wa manane. Sisi ni wazima.

Jumapili nilimkuta Mama Neema kanisani na watoto. Sikumwuliza kitu. Lakini tulipotoka Neema alinifuata mpaka getini akanishika mkono: "Anko, baba anakuja Krismasi?" Sikuwa na la kumjibu. Ndiyo maana nakuandikia, kwani kwenye simu ungenikatiza ukaanza habari za kazi iliyoisha na ada ya Januari.

Najua linalokukalia moyoni. Mwanamume akiwa mikono mitupu Desemba, nguo za watoto hana, nyama ya sikukuu hana, huona afadhali aseme amepata kibarua, abaki huko huko. Nami nilifanya hivyo, na sijawahi kumwambia mtu. Mwaka juzi nilichukua mkopo bila mke wangu kujua, akaja kugundua, nyumba ikawa haikaliki. Tarehe 24 nikaomba zamu ya usiku pale yadi ya makontena. Hakuna aliyenilazimisha. Nilirudi saa moja asubuhi, wenzangu wanajiandaa kwenda ibadani, mimi nikapanda kitandani nikalala mpaka jioni. Nilipoamka nilikuta mezani sahani ya pilau imefunikwa kwa sahani nyingine, wali umeshakauka pembeni, na juu yake kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari la shule: "Ya baba msiguse." Nililia nikila. Pesa za zamu ile sikumbuki hata zilikwenda wapi.

Tangu siku hiyo namsoma Yusufu kwa makini. Tunahubiriwa sana Mariamu, wachungaji na mamajusi, yeye tunampita. Soma Mathayo sura ya kwanza: alikuwa ameshaazimu kumwacha Mariamu kwa siri. Kwa siri, Baba Neema, bila kelele, asimwaibishe mtu, kama sisi tunavyojua kuondoka kwa heshima. Na Maandiko yanamwita mtu wa haki. Malaika hakumkaripia, alimwambia tu asihofu kumchukua mkewe. Akaamka akamchukua. Injili zote nne hazina hata neno moja lililotoka kinywani mwake. Kule Bethlehemu alikosa hata nafasi ya kumlaza mkewe, mtoto akalazwa horini. Walipompeleka hekaluni, Luka anataja sadaka ya ndege wawili, na ukirudi Walawi 12 utaona hiyo ilikuwa sadaka ya asiyemudu mwana-kondoo. Mungu alimkabidhi Mwanawe fukara huyo, naye akawa karibu na mkewe na mtoto usiku ule. Basi wewe unaona haya ya nini?

Halafu kuna hili. Kila nikipita Kengeleni naitazama ile kengele ya Frere Town. Kijiji kile wamisionari walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, watu waliotenganishwa na mama zao, waume zao, watoto wao, wengi wasijue tena pa kuwatafuta. Wako wewe wako Mikindani, safari ya usiku mmoja tu kwa basi.

Sisemi ukifika mambo yatanyooka. Mama Neema ana uchungu na ana haki nao. Kwa hiyo usimshtukize. Mpigie leo umweleze ukweli wote wa kazi, hata yale madeni, kabla hajayasikia kwa mtu mwingine. Akinyamaza, mwache anyamaze. Nimekuwa nikiwaombea nyote wawili alfajiri, kabla sijatoka kwenda kazini, na mke wangu anajiunga nami sasa.

Tiketi za treni mwezi huu zinaisha mapema, na nauli za mabasi hupanda kadiri sikukuu inavyokaribia, basi usingoje tarehe 23. Nauli nitakutumia mimi, na tafadhali usinibishie. Ukija kwa treni nitakungoja Miritini, ukija kwa basi nitakuwa Mwembe Tayari, hata ikiwa saa tisa ya usiku. Ukishapata tiketi nitumie ujumbe, nimpelekee Neema jibu lake.

Ndugu yako katika Kristo,
wa Kisauni